Blanketi lisilotoa joto

Leo naomba tuongelee kitu ambacho karibu wote tumekiona kwenye televisheni, lakini ni wachache waliowahi kuuliza kinaitwaje. Mwanariadha amemaliza marathoni, anahema, mara anatokea mtu na kumvika mabegani karatasi inayong'aa. Wahamiaji wameopolewa baharini karibu na Italia, wamekaa kwenye sitaha ya meli ya uokoaji, na wote wanameta dhahabu kama maharusi. Mtalii kazidiwa mlimani, anateremshwa kwa machela, naye kafungwa karatasi ile ile kama samaki anayekwenda kuokwa.

Wapo wanaoliita blanketi la anga, wapo wanaoliita blanketi la dharura. Mimi nitaliita blanketi la foili, maana hapo kila mtu ataelewa, ingawa mtaona mbele kwamba si foili ya jikoni. Mengi yana uzito wa gramu 60 hivi. Likikunjwa linaingia kwenye mfuko wa shati. Likikunjuliwa linamfunika mtu mzima kuanzia kichwani hadi miguuni.

Sasa mtaniuliza, mwandishi wa habari na historia ya karatasi wapi na wapi? Jibu langu ni hili. Tarehe 22 Mei 2021 watu 21 walikufa kwa baridi huko China katika siku moja, wakiwa kwenye mashindano ya mbio, na baadhi ya waliokuwamo katika mkasa ule walikuwa na blanketi hili. Kitu kilichobuniwa kwa akili nyingi, kikabebwa hadi mahali penyewe pa hatari, kikashindwa kazi. Ili tujue kwa nini, inabidi tujue kilitoka wapi na kilitengenezwa kufanya nini. Na tukishajua, tutaona kwamba habari hii inatuhusu hata sisi wa Dar es Salaam, ambao baridi ya Julai ikitupitia kidogo tu tunavaa makoti na kupigana picha.

TUANZE NA CHUPA YA CHAI

Chukua chupa ya chai ya kioo, ile ya kila nyumba, ichungulie ndani. Utaona ukuta unang'aa kama kioo cha kujitazamia. Chupa hiyo ilibuniwa mwaka 1892 na mwanasayansi wa Kiskoti, James Dewar, aliyekuwa akifanya kazi London. Wala hakuwa na haja ya chai. Alikuwa akitafiti gesi zilizopozwa mpaka zikawa kimiminika, na tatizo lake lilikuwa joto la chumbani, ambalo lilizivamia gesi zake na kuzirudisha hewani. Akaweka chupa ndani ya chupa, akanyonya hewa yote iliyokuwa katikati, na kuta zake akazipaka madini ya kung'aa. Hewa ikikosekana, joto linakosa wa kulibeba. Na lile joto linalosafiri lenyewe kama mwanga usioonekana, likigonga ukuta unaong'aa linarudishwa lilikotoka.

Dewar hakuisajili chupa yake kama mali yake. Mwaka 1904 Wajerumani wakaanza kuitengenezea biashara kwa jina la Thermos, na yeye alipokwenda mahakamani akashindwa. Jina la Wajerumani ndilo lililosafiri, mpaka kuna wenzetu wanaoiita themosi hadi leo.

Kuna jambo moja hapa naomba mlishike, kwa sababu habari yote iliyobaki inalizunguka. Chupa ya chai haina moto. Haiongezi joto hata chembe. Weka chai ya moto usiku, asubuhi utaikuta ya moto. Weka maji ya barafu, utayakuta na ubaridi wake. Weka chai iliyokwisha kupoa, utakunywa chai iliyopoa. Chupa inalinda ulichokiweka, basi.

PUTO LA MWAKA 1960

Tuvuke hadi miaka ya 1950. Viwanda vya kemikali vya Marekani na Uingereza vilikuwa vimefanikiwa kutengeneza plastiki nyembamba na imara ya jamii ya polyesta. Kampuni ya DuPont ya Marekani iliiuza yake kwa jina la Mylar. Plastiki hii ukiivuta inakubishia. Lakini ikipata mwanya mdogo tu pembeni, inapasuka moja kwa moja mpaka upande wa pili. Hilo nalo tuliweke akiba.

Juu ya plastiki hiyo hupakwa aluminiamu, na upakaji wenyewe hautumii brashi. Aluminiamu huchemshwa ndani ya chumba kisicho na hewa mpaka igeuke mvuke, na mvuke huo hutua juu ya plastiki kama umande wa alfajiri. Ndiyo maana nasema si foili ya jikoni. Foili ya jikoni ni chuma kilichopondwa kikawa chembamba. Hii ni plastiki iliyovaa vumbi la chuma. Ukitaka kuuona ufundi wa namna hiyo bila gharama, pasua pakiti ya krispi uigeuze ndani nje.

Tarehe 12 Agosti 1960 Wamarekani, kupitia shirika lao la anga la NASA, wakarusha kitu kilichoitwa Echo 1. Lilikuwa puto la plastiki hiyo yenye aluminiamu, kipenyo chake mita 30, na unene wake ni kama kuchukua milimita moja ukaigawa mara 80. Lilirushwa likiwa limekunjwa ndani ya chombo kisichofika hata mita moja, likajijaza lilipofika huko juu. Kazi yake ilikuwa kurudisha mawimbi ya redio, kama ukuta unavyorudisha mpira. Siku ile ile ya kwanza, sauti ya Rais Eisenhower iliyorekodiwa ilirushwa juu upande mmoja wa Marekani, ikagonga puto, ikapokelewa upande mwingine. Watu walikuwa wakiliona usiku kwa macho yao, nyota inayotembea. Lilikaa mpaka mwaka 1968 ndipo likaanguka na kuungua.

Wahandisi wakaona kwamba kinachorudisha mawimbi ya redio kinarudisha na joto. Mwaka 1964 kituo cha NASA cha Marshall kilitengeneza vitambaa vya aina hii kwa ajili ya vyombo vya anga. Na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Huko angani hakuna hewa. Hakuna upepo wa kukupokonya joto, hakuna ardhi ya baridi ya kulalia, hakuna mvua. Joto lina njia moja tu ya kuingia au kutoka, ile ya kusafiri kama mwanga, na njia hiyo ndiyo karatasi hii inayoiziba barabara. Chombo kilichotua mwezini Julai 1969 kilionekana kimefungwa dhahabu, lakini haikuwa dhahabu. Ilikuwa plastiki ya rangi ya njano, iitwayo Kapton, yenye aluminiamu mgongoni. Hata mablanketi ya leo yenye upande wa dhahabu ni rangi tu juu ya aluminiamu.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha Mei 1973. NASA walirusha kituo cha anga kiitwacho Skylab, na dakika moja hivi baada ya kuruka ngao yake ya nje ikang'oka. Ngao hiyo ndiyo iliyokuwa ikikikinga na jua. Joto ndani likapanda mpaka kwenye nyuzi 50 na kitu. Ndani ya siku chache fundi mmoja wa NASA, Jack Kinzler, akabuni mwavuli. Mfano wake wa kwanza aliutengeneza kwa fimbo za kuvulia samaki, zile zinazochomoka moja kutoka ndani ya nyingine. Mwavuli wenyewe ulikuwa wa kitambaa cha nailoni na plastiki yenye aluminiamu. Wanaanga watatu wakaenda nao, wakaupitisha kwenye tundu dogo ukutani, wakaufungua nje, na kituo kikapoa kikakalika. Angalieni basi: karatasi hii inayotukinga na baridi ilipata sifa yake kubwa kwa kuzuia joto. Ni chupa ya Dewar ile ile. Yeye hajali kilicho ndani ni cha moto au cha baridi.

KUTOKA ANGANI HADI BEGANI

Kuanzia hapo haikuchukua muda kwa wafanyabiashara kuona soko. Karatasi ikaanza kuuzwa kwa wapanda milima, mabaharia na vikosi vya uokoaji, na mbio za marathoni zilipoanza kuvuta maelfu ya watu wa kawaida mijini, ikapata umaarufu wake mpya pale kwenye utepe wa kumalizia.

Kwa nini pale? Mwili wa mtu aliyetulia unatoa joto la kama wati 100, sawa na zile balbu zetu za zamani. Anayekimbia anatoa mara nyingi zaidi ya hapo. Sasa akisimama ghafla, mtambo unashuka wakati ule ule ambapo nguo zimelowa jasho na ngozi imefunguka kutoa joto. Dakika chache tu anaanza kutetemeka. Waliofuatilia mbio za Boston za Aprili 2018 watakumbuka: mvua, upepo wa usoni, nyuzi tatu au nne tu. Geoffrey Kirui wa Kenya, bingwa wa mwaka uliotangulia, alikuwa akiongoza akapitwa kilomita za mwisho na Mjapani Yuki Kawauchi. Wakimbiaji zaidi ya 2,000 walihitaji huduma ya matabibu siku ile. Lakini Boston ni mji. Hatua chache baada ya utepe kuna hema, nguo kavu, kinywaji cha moto, basi na hoteli. Karatasi ilitakiwa kumvusha mtu kutoka kwenye utepe mpaka kwenye hema. Hiyo kazi inaiweza.

Hapa duniani, tofauti na angani, joto linatoroka kwa njia nyingi. Linasafiri kama mwanga, sawa. Lakini pia linabebwa na upepo. Linanyonywa na ardhi uliyoilalia. Linakwenda na maji yanayokauka mwilini, na nguo zilizoloa ni mwizi kuliko wote. Blanketi la foili linazuia vizuri njia ya kwanza, linazuia kiasi upepo na ukaukaji kama limefungwa vizuri, na kuhusu ardhi halina msaada kabisa kwa sababu halina unene. Kinachozuia baridi ya ardhi ni hewa iliyotekwa ndani ya kitu kinene.

Elimu hii watu wanayo siku zote bila NASA. Waendesha baiskeli wa mashindano ya Ufaransa walikuwa wakifika kileleni wanasokomeza magazeti ndani ya jezi kabla ya kuteremka, ili upepo usiwapige kifuani. Kwa sisi tunaoandika magazeti ni faraja kujua kwamba kazi zetu ziliwahi kuokoa mtu. Na tazameni watoto wanaolala nje katikati ya miji yetu. Mtoto yule akipata boksi na gunia, boksi analitandika chini na gunia anajifunika. Hakuna aliyemfundisha fizikia. Anajua kwamba sakafu ya saruji inaua kabla ya hewa.

KILICHOTOKEA GANSU

Sasa turudi China. Mbio zilikuwa za kilomita 100, kwenye milima ya mawe karibu na Mto Manjano, mkoa wa Gansu, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo. Walianza watu 172. Ilikuwa Mei, na wengi walivaa fulana nyepesi na kaptula kama ilivyo desturi ya wakimbiaji. Koti la kuzuia upepo lilikuwa kwenye orodha ya vitu vinavyoshauriwa, si vya lazima.

Mchana, wa mbele wakiwa wanapanda sehemu ngumu kuliko zote, hali ya hewa ikageuka. Ikaja mvua ya baridi, mvua ya mawe, na upepo wa kumyumbisha mtu mzima. Kule juu magari hayafiki. Hapakuwa na hema, hapakuwa na kinywaji cha moto. Waliokuwa na mablanketi ya foili wakayatoa. Walionusurika walieleza baadaye kwamba upepo uliyararua vipande vipande. Mnakumbuka ile plastiki inayopasuka ikishapata mwanya? Ndiyo hiyo. Kitu kilichotengenezwa kwa mahali pasipo na upepo kilikutana na upepo.

Lakini hata kama yasingeraruka, kuna jambo jingine. Mwili wetu hukaa kwenye nyuzi 37 hivi. Ukishuka chini ya 35, madaktari wanahesabu kwamba baridi imeshaingia mwilini. Mtu anatetemeka sana, na kutetemeka huko si unyonge, ni misuli inajichoma ili itengeneze joto. Ukiendelea kushuka, maneno yanaanza kuvurugika, vidole vinakataa, hata kufungua zipu inakuwa kazi. Ukikaribia nyuzi 30 kutetemeka kunakoma. Anayemtazama anaweza kudhani kapata nafuu, kumbe mtambo ndio unazima. Wapo wanaofikia kuvua nguo, wakihisi wanaungua. Sasa mtu wa namna hiyo mfunge karatasi inayorudisha joto. Itarudisha lipi? Hiyo ni chai iliyokwisha kupoa, unaitia kwenye themosi.

Walikufa 21. Miongoni mwao alikuwamo Liang Jing, mmoja wa wakimbiaji bora wa masafa marefu nchini mwake. Kifo kile hakikuchagua wavivu. Waliokuwa na kasi zaidi ndio waliokuwa wamefika juu zaidi, mbali zaidi na msaada.

Sita waliokolewa na mchungaji wa kondoo. Alikuwa amejihifadhi na dhoruba kwenye pango ambalo kwa kawaida huweka kuni, nguo na matandiko kwa siku mbaya. Akawaingiza mmoja mmoja, akawasha moto, akawafunika. Yaani aliwapa kila kitu ambacho karatasi haina: pa kujikinga na upepo, kitu kikavu, kitu kinene, na joto jipya kutoka nje ya mwili. Vifaa vyake vyote vingekuwepo hata miaka elfu iliyopita.

Uchunguzi wa serikali uliwatupia lawama waandaaji, maafisa kadhaa wakaadhibiwa, na mbio za namna hiyo zikasimamishwa. Mimi nilichobaki nacho ni swali. Je, kuwa na karatasi ile mgongoni kuliwafanya watu, na hasa waandaaji, wajione wamekwisha kujiandaa? Maana hapo ndipo kitu cha bei ndogo kinapokuwa na hatari. Kinaweka alama ya vema kwenye orodha, na baada ya hapo hakuna anayeuliza tena.

BAHARINI NA KWENYE KIYOYOZI

Nikiwa na swali hilo kichwani, nilianza kuzitazama upya picha za wahamiaji. Tarehe 3 Oktoba 2013 meli iliyojaa watu, wengi wao kutoka Eritrea, na Wasomali nao wakiwamo, ilizama karibu na kisiwa cha Lampedusa cha Italia. Walikufa zaidi ya 360. Waliokolewa 155. Tangu mkasa ule na miaka iliyofuata, dunia ikazoea kuwaona ndugu zetu wa pembe hii ya Afrika wakiwa wamefungwa dhahabu ya uongo bandarini.

Pale karatasi ina haki yake. Maji yanamnyang'anya mtu joto haraka kuliko hewa mara nyingi sana, na anayetoka majini akivuliwa nguo zilizoloa, akafutwa, akafungwa foili, anapewa nafasi ya kufika kwa daktari. Sina ubishi na waokoaji. Ubishi wangu ni kwa sisi watazamaji. Februari 2016, katika hafla ya watu wa sinema mjini Berlin, msanii wa China Ai Weiwei aliwafanya wageni mashuhuri wajifunike mablanketi yale na kupiga picha, ili kuwakumbuka wakimbizi. Wengi walimlaumu. Nguo nzuri chini, foili juu, ukumbi una joto. Hata hivyo nadhani picha ile, bila kukusudia, ilisema ukweli: karatasi ilikuwa imeshakuwa alama ya huruma, na alama ni rahisi kuivaa.

Kibaya zaidi kilikuwa Texas. Juni 2018 zilitoka picha za kituo cha wahamiaji mjini McAllen, mpakani na Mexico: watu ndani ya uzio wa nyavu za chuma, wamelala kwenye magodoro membamba, wamejifunika foili. Wahamiaji wenyewe walikuwa na jina lao la vyumba vya mahabusu za mpakani. Waliviita *hieleras*, neno la Kihispania lenye maana ya majokofu, kwa jinsi vilivyokuwa baridi. Shirika la Human Rights Watch lilikuwa limetoa ripoti juu ya baridi hiyo Februari ya mwaka huo huo.

Fikirini jambo hilo polepole. Gansu baridi ililetwa na mawingu. Lampedusa ilikuwa bahari. Kule Texas ilitoka kwenye kiyoyozi, na kiyoyozi kina kitufe. Mtu angeweza kunyanyua mkono akapunguza baridi. Badala yake alitoa karatasi ya dharura kwa watoto waliokuwa wamekaa pale siku kadhaa. Dharura gani inayotengenezwa na mtu kila asubuhi akiingia kazini?

NA MLIMA WETU

Msidhani nimewasahau wa nyumbani. Kilimanjaro una mita 5,895. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa nyuzi sita au saba. Kwa hiyo Moshi ikiwa kwenye nyuzi 25, kileleni tayari ni chini ya sifuri mchana mweupe, na wapandaji wengi huanza safari ya mwisho usiku wa manane, upepo ukiwa juu yao. Mtalii ana koti la manyoya ya bata, suruali mbili, glovu, na ndani ya begi, blanketi la foili kwa tahadhari. Sasa geuza macho umtazame anayebeba lile begi.

Historia ya mlima ule tunafundishwa kwa jina la Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni Oktoba 1889 na mwenzake Ludwig Purtscheller. Ni wachache wanaojua kwamba mtu wa Pangani, Mwini Amani, alibaki kambini juu kule akiwasubiri. Mtu wa pwani! Baridi aliyoipata hakuna aliyeipima. Na wapagazi waliofuata, kizazi kwa kizazi, wengi wao vijana wa familia zisizo na uwezo, wamepanda na raba za mtumba na sweta moja. Wapo waliokufa kwa baridi na kwa magonjwa ya mwinuko, na habari zao mara nyingi hazivuki aya moja gazetini. Nalijua hilo kwa sababu aya hizo tunaziandika sisi.

Kuna jitihada zinazofaa kutajwa. Mwaka 2003 ulianzishwa mradi wa Kilimanjaro Porters Assistance Project, wenye makao Moshi, ambao pamoja na mambo mengine huwaazima wapagazi makoti, suruali na viatu vya mlimani bila malipo. Naona hapo ndipo penye akili ile ile ya mchungaji wa Gansu: mpe mtu kitu kinene na kikavu kabla baridi haijaingia, usisubiri kumfunga karatasi ikishaingia.

Kwa wale mnaopanga kupanda, haya ndiyo ninayoweza kuwaambia. Lichukueni blanketi la foili, ni jepesi na lina kazi yake. Mwenzenu akizidiwa na baridi, kwanza mtoeni kwenye upepo na mvueni kilicholoa. Chini yake wekeni begi, kamba, majani, chochote chenye unene. Mvisheni kikavu, mfungeni foili mpaka kichwani mkiacha uso, na juu yake wekeni koti au turubai ili upepo usiichane. Msipoteze muda kubishana upande upi uwe ndani. Tofauti yake ni ndogo kuliko tofauti ya kufunga vizuri na kuacha mwanya. Msimsogeze motoni akiwa ndani yake, plastiki inayeyuka. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpeni kitu cha moto chenye sukari. Kisha mteremsheni, maana karatasi imewapa muda tu, na muda huo unakwisha.

Na kabla ya kulipa, iulizeni kampuni swali moja: wapagazi wetu watalala ndani ya nini, na wamevaa nini? Mkijibiwa kwamba kila mmoja anajitegemea, tafuteni kampuni nyingine. Swali hilo halina gharama, na wakiulizwa na wateja kumi mfululizo watatafuta makoti.